MAFIGO NA UZEE: Jinsi Uwezo wa Kuchuja Damu Unavyopungua, na Njia za Kupunguza Kasi Hiyo

Utangulizi

Katika nyumba nyingi zenye mzee kuna jambo ambalo watu wa nyumbani wamekwisha kulizoea, hata hawaliulizi tena. Usiku wa manane mlango hufunguliwa, mzee huenda haja ndogo, kisha hurudi kulala. Baada ya saa mbili au tatu huamka tena. Mjukuu wake aliyelala chumba cha pili haamki mpaka alfajiri, ingawa jioni wote wawili walikunywa chai ya birika moja. Kwa nini iwe hivyo?

Sehemu kubwa ya jibu imo katika mafigo. Kama yalivyo macho, mifupa na misuli, mafigo nayo huzeeka. Lakini tofauti na macho, ambayo yakififia mwenyewe hutambua mara moja, mafigo huweza kupoteza nusu ya uwezo wake pasipo maumivu wala dalili yoyote. Ndiyo maana watu wengi hugundua kwamba mafigo yao yameharibika wakati ambapo mengi hayawezi tena kurekebishwa.

Katika makala haya tutaeleza kwanza jinsi figo linavyofanya kazi, kisha mabadiliko yanayoletwa na umri na namna yanavyopimwa, na mwisho hatua zinazoweza kuchukuliwa ili kupungua huko kuende polepole. Mwalimu wa Biolojia, Fizikia au Hisabati atapata humo jaribio moja na mahesabu machache yanayofaa darasani.

Figo lilivyo na kazi yake

Binadamu ana mafigo mawili, yaliyo nyuma ya tumbo, moja kila upande wa uti wa mgongo. Kila moja lina umbo la punje ya haragwe, urefu wa sentimita 11 hivi, na uzito wa gramu 150 hivi. Mawili kwa pamoja ni kama nusu ya asilimia moja tu ya uzito wa mwili. Hata hivyo hupokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, yaani zaidi ya lita moja kwa kila dakika.

Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana viitwavyo nefroni. Kwa wastani figo moja huwa na nefroni zipatazo milioni moja, ingawa watu hutofautiana sana: wengine wana chini ya nusu ya idadi hiyo na wengine wana maradufu yake. Kila nefroni huanzia katika fundo la kapilari, yaani mishipa myembamba ya damu iliyosokotana, lililozungukwa na kikombe kiitwacho kapsuli ya Bowman, kwa jina la Mwingereza William Bowman aliyekieleza mwaka 1842. Kutoka katika kikombe hicho hutokea mrija mwembamba wenye mapindo, ambao hushuka kuelekea kiini cha figo, hupinda na kupanda tena, na hatimaye huungana na mirija mingine inayopeleka mkojo kwenye kibofu.

Damu ipitapo katika fundo la kapilari, shinikizo lake husukuma maji pamoja na dutu ndogondogo, kama vile chumvi, glukosi na urea, kupenya hadi kwenye kikombe. Chembechembe za damu na protini kubwa hubaki ndani ya mshipa. Kisha, majimaji yaliyochujwa yakipita mrijani, mwili hurudisha kwenye damu vitu unavyovihitaji na kuziacha taka zitoke pamoja na mkojo.

Kazi hii ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Kijana mwenye afya huchuja mililita 125 hivi kwa dakika. Tukizidisha kwa dakika 60 na kwa saa 24, tunapata mililita 180,000, yaani lita 180 kwa siku. Kwa kuwa plazma yote ya mwili ni kama lita tatu tu, ina maana kwamba plazma hiyo huchujwa mara 60 kila siku. Lakini mkojo unaotoka ni lita moja na nusu hivi. Kwa hiyo zaidi ya asilimia 99 ya kilichochujwa hurudishwa mwilini.

Zaidi ya kuondoa taka, mafigo hulinda kiasi cha maji, chumvi na asidi mwilini. Husaidia kudhibiti shinikizo la damu. Hutengeneza homoni inayouchochea uboho wa mifupa kuunda chembechembe nyekundu za damu. Na huigeuza vitamini D iwe katika hali inayofaa kwa kujenga mifupa. Figo lililochoka, basi, huathiri damu, moyo na mifupa pia.

Mtaji wa kuzaliwa nao

Yafaa ikumbukwe kwamba nefroni haziongezeki baada ya mtu kuzaliwa. Zote huundwa mtoto angali tumboni, na kazi hiyo hukamilika yapata wiki ya 36 ya mimba. Ngozi ikikwaruzika huota nyingine. Nefroni ikifa haipati mrithi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au aliyezaliwa na uzito mdogo kwa sababu mama yake hakupata lishe ya kutosha, mara nyingi huanza maisha na nefroni pungufu. Mwaka 1988 Barry Brenner na wenzake wa Marekani walitoa hoja kwamba upungufu huo humweka mtu katika hatari ya kupata shinikizo kubwa la damu na ugonjwa wa mafigo akiwa mtu mzima, na utafiti mwingi uliofuata umeiunga mkono hoja hiyo. Kwa hiyo afya ya mafigo ya mzee wa miaka 70 huanza kutunzwa katika kliniki ya mama wajawazito.

Umri unavyobadili mafigo

Wanasayansi walijuaje kwamba mafigo huzeeka? Mwaka 1950 Davies na Shock wa Marekani walitoa matokeo ya kuwapima wanaume 70, tangu vijana wa miaka ya ishirini hadi wazee wa miaka ya themanini. Walitumia inulini, dutu ipatikanayo katika mizizi ya baadhi ya mimea, ambayo ikiingizwa katika damu huchujwa na figo lakini hairudishwi. Kwa kulinganisha inulini iliyomo katika damu na ile iliyotoka katika mkojo, waliweza kukokotoa kasi ya uchujaji. Kwa vijana waliona wastani wa mililita 123 hivi kwa dakika. Kwa wazee wa miaka ya themanini, mililita 65 hivi. Kasi ilikuwa imepungua karibu nusu.

Hata hivyo msomaji makini atauliza swali: watu waliopimwa walikuwa tofauti. Je, pengine wazee hao tangu ujanani walikuwa na mafigo dhaifu, au walipata maradhi ambayo vijana hawakuyapata? Njia bora ni kuwafuata watu wale wale kwa miaka mingi. Utafiti wa namna hiyo ulianza Baltimore, Marekani, mwaka 1958. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1985 yalionyesha kwamba katika watu 254 wasio na ugonjwa wa mafigo wala shinikizo kubwa la damu, uwezo wa kuchuja ulipungua kwa wastani wa mililita 0.75 kwa dakika kila mwaka. Lakini jambo la ajabu zaidi lilikuwa hili: katika theluthi moja ya watu hao uwezo haukupungua hata kidogo.

Matokeo hayo yana fundisho kubwa. Wastani husema habari ya kundi, hausemi habari ya kila mtu. Kupungua kwa nguvu za mafigo ni jambo la kawaida uzeeni, lakini si hukumu inayompata kila mzee kwa kiasi kimoja. Pana sababu nyingine zaidi ya miaka, na baadhi yake zimo mikononi mwetu.

Mwaka 2017 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walihesabu nefroni za watu wenye afya waliojitolea kutoa figo moja kwa wagonjwa. Vijana wa miaka 18 hadi 29 walikuwa na nefroni nzima zipatazo 990,000 katika kila figo. Wale wa miaka 70 hadi 75 walikuwa na 520,000 hivi. Mafundo mengine ya kapilari yalikuwa yamegeuka makovu, na mengine yalikuwa yamenyauka na kutoweka kabisa.

Mirija nayo hubadilika. Figo la kijana linaweza kuyabana maji na kutoa mkojo mchache ulio mzito. Figo la mzee huhitaji maji mengi zaidi ili kutoa taka ile ile. Tena ule mpango wa mwili wa kupunguza mkojo wakati wa usiku hulegea. Hapa ndipo tunapolijibu swali la mwanzo: mjukuu hulala kwa sababu figo lake hubana maji usiku, na babu huamka kwa sababu lake haliwezi tena kufanya hivyo vizuri. Kwa wanaume, kukua kwa tezi dume huongeza tatizo hilo, na kwa baadhi ya watu kisukari ndicho chanzo. Kwa hiyo mzee anayeanza kuamka mara nyingi kuliko zamani asiambiwe tu kwamba ni uzee, apelekwe kupimwa.

Pana hatari nyingine. Hisia ya kiu hupungua uzeeni. Mzee aliyeharisha, au aliyeshinda juani siku ya joto, huweza kukaukiwa na maji pasipo kuona kiu, wakati ambapo mafigo yake hayana uwezo wa kuyahifadhi maji machache yaliyobaki.

Kwa nini hasara huzaa hasara

Mwaka 1982 Brenner na wenzake walieleza jambo lililobadili mawazo ya madaktari. Nefroni zinapopungua, zile zilizobaki hulazimika kuchuja zaidi. Mishipa iingizayo damu hutanuka, na shinikizo ndani ya mafundo ya kapilari huongezeka. Kwa muda kazi hufanyika vizuri, lakini mafundo yanayofanya kazi kupita kiasi huchakaa, hupata makovu na hufa. Mzigo huwaangukia wachache zaidi. Ni kama kijiji ambacho vijana wameondoka mmoja mmoja, na wale waliobaki wanalima shamba lile lile.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani kwa jaribio rahisi.

Vifaa: kopo refu la bati lisilopungua kina cha sentimita 20, msumari, vijiti kumi vya kuzibia, rula, na maji ya bomba au ya ndoo yenye mpira, yanayotoka kwa kasi isiyobadilika.

Utaratibu: Toboa matundu kumi yaliyo sawa katika kitako cha kopo. Fungulia maji yaingie, na urekebishe kasi mpaka kina cha maji ndani ya kopo kitulie kwenye sentimita 3 hivi. Usiibadili tena kasi hiyo. Ziba tundu moja, subiri kina kitulie, upime. Endelea hivyo mpaka umeziba matundu matano.

Matokeo: Kila tundu linapozibwa, kina hupanda, na maji hutoka kwa nguvu zaidi katika matundu yaliyobaki. Maji yanayotoka kwa dakika ni yale yale, lakini kila tundu sasa hupitisha maradufu. Kwa nadharia, kasi ya maji yatokayo tunduni hufuata kipeuo cha pili cha kina: ili kasi iwe maradufu, kina hakina budi kuwa mara nne, yaani sentimita 12 hivi. Mwalimu wa Fizikia aweza kuendelea kutoka hapo.

Bati halichoki upesi, lakini kapilari huchoka. Na hapa mwanafunzi ataona mara moja kwa nini shinikizo kubwa la damu ni adui wa mafigo: humwongezea mzigo mfanyakazi ambaye tayari amelemewa.

Hata hivyo tusitie chumvi. Akiba ya mafigo ni kubwa. Mtu mwenye afya aliyetoa figo moja huendelea na maisha yake, kwa sababu lile lililobaki hukua na baada ya miezi michache hufikia karibu asilimia 70 ya uwezo wa mawili ya awali. Akiba hiyo ndiyo iliyowezesha upandikizaji wa figo, ambao nchini Tanzania ulifanyika kwa mara ya kwanza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi Novemba mwaka 2017, wataalamu wa hapa wakishirikiana na wenzao wa India.

Kipimo kinachoweza kudanganya

Katika hospitali nyingi hali ya mafigo hupimwa kwa kreatinini, taka inayotokana na kazi ya misuli. Mafigo yakidhoofika, kreatinini hukusanyika katika damu. Kipimo hiki ni rahisi, lakini kina mtego. Mzee ana misuli michache kuliko kijana, kwa hiyo hutengeneza kreatinini kidogo. Kiasi kilichomo katika damu yake huweza kuonekana cha kawaida hali mafigo yake yamepungua nguvu sana.

Mwaka 1976 Cockcroft na Gault wa Canada walitoa kanuni inayozingatia jambo hilo. Kwa mwanamume: toa umri wake kutoka 140, zidisha jibu kwa uzito wake kwa kilo, kisha gawanya kwa 72 iliyozidishwa kwa kreatinini, ikipimwa kwa miligramu katika desilita moja ya damu. Kwa mwanamke, jibu huzidishwa kwa 0.85.

Chukua wanaume wawili, kila mmoja akiwa na kilo 60 na kreatinini ya miligramu 1. Mmoja ana miaka 25, mwingine 75.

Kijana: (140 – 25) × 60 ÷ 72 = 95.8
Mzee: (140 – 75) × 60 ÷ 72 = 54.2

Karatasi za maabara zimeandikwa namba ile ile, lakini uwezo wa mzee wa kusafisha damu ni kama nusu tu ya ule wa kijana. Basi akipewa kipimo cha kijana cha dawa inayotolewa na mafigo, kama vile jentamisini au digoksini, dawa hiyo itakusanyika mwilini mwake na kumdhuru. Ni kosa ambalo hugharimu maisha, na huzuilika kwa hesabu ya mistari miwili.

Maabara nyingi sasa hutumia kanuni mpya zaidi. Baadhi yake zilikuwa na kizidisho maalumu kwa watu weusi wa Marekani. Kizidisho hicho kiliondolewa katika kanuni iliyotolewa mwaka 2021. Kipimo cha pili kilicho muhimu ni protini katika mkojo. Chujio zima haliachi protini zipite. Zikionekana, ni alama kwamba chujio limeharibika. Kwa kukubaliana kwa wataalamu, mtu huhesabiwa kuwa na ugonjwa sugu wa mafigo ikiwa uchujaji wake umekuwa chini ya mililita 60 kwa dakika, au ana alama nyingine za kuharibika, kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. Baadhi ya madaktari hubisha kwamba mzee wa miaka 80 mwenye 55, asiye na protini katika mkojo wala shinikizo kubwa, amezeeka tu wala haumwi. Ubishi huo haujesha. Lakini pande zote mbili hukubaliana kwamba mzee huyo apewe dawa kwa hadhari, na apimwe tena.

Njia za kupunguza kasi

Hakuna dawa inayorudisha nefroni zilizokufa. Linalowezekana ni kuzilinda zilizobaki. Hatua zifuatazo zimethibitika kuwa na maana.

(a) Kudhibiti shinikizo la damu. Mwaka 1983 Parving na wenzake wa Denmark walitoa matokeo ya kuwatibu shinikizo wagonjwa wachache wa kisukari ambao mafigo yao yalikuwa yakiharibika. Kabla ya matibabu uchujaji ulipungua kwa mililita 0.91 kila mwezi. Baada ya matibabu, kwa 0.39. Tuifanye hesabu. Mtu mwenye 80, akipoteza 0.91 kwa mwezi, hufika 15, kiwango ambacho mashine ya kusafisha damu huwa karibu, kwa muda wa miaka sita. Akipoteza 0.39, hufika hapo baada ya miaka karibu kumi na nne. Miaka minane ya maisha bila mashine si jambo dogo: kwa kawaida mashine hiyo humtaka mgonjwa hospitalini mara tatu kwa wiki, kila mara kwa saa nne hivi.

(b) Kupunguza chumvi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na chumvi iliyokwisha kutiwa katika vyakula. Papa na samaki wengine wa chumvi, na vidonge vya kuungia mchuzi, huhesabiwa humo. Magadi yanayotiwa katika maharage na makande nayo yana sodiamu. Nchini Kenya, utafiti uliotolewa mwaka 1990 uliwafuata Waluo waliohama vijijini kwenda Nairobi: shinikizo lao la damu lilipanda kuliko la ndugu zao waliobaki nyumbani, na mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi zaidi ikilinganishwa na potasiamu. Damu ilikuwa ile ile. Chakula na maisha ndivyo vilivyobadilika.

(c) Kuzuia na kutibu kisukari. Sukari nyingi katika damu huharibu kapilari za figo. Kufanya kazi za mwili, kutonenepa kupita kiasi, na kupima sukari mara kwa mara ni kinga. Kwa wenye kisukari na protini katika mkojo, dawa za aina ya kaptoprili zilionyesha mwaka 1993 kwamba hulinda mafigo. Na kati ya mwaka 2019 na 2020 majaribio makubwa yalionyesha manufaa ya dawa za kundi jipya, kama dapagliflozini, hata kwa baadhi ya wagonjwa wasio na kisukari. Dawa hizi zote hutolewa na daktari, na huhitaji kupimwa damu.

(d) Kujihadhari na dawa za maumivu. Wazee wengi huumwa magoti na mgongo, na vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni hununuliwa dukani kama pipi. Dawa hizi huzuia homoni zinazoiweka wazi mishipa ya kuingiza damu katika figo. Kijana aliyekunywa maji ya kutosha aweza kuzivumilia siku mbili tatu. Mzee, hasa anayetumia dawa za shinikizo au aliyeharisha, huweza kudhurika vibaya. Mizizi nayo isinywewe bila kuijua. Mapema katika miaka ya 1990 huko Brussels, Ubelgiji, wanawake wengi waliotumia mitishamba ya kupunguza unene waliharibika mafigo kabisa. Ilibainika kwamba ndani yake ulikuwamo mmea wa jamii ya Aristolochia.

(e) Kuacha tumbaku, ambayo huharibu mishipa ya damu, ya mafigo ikiwamo.

(f) Kutibu mapema vizuizi vya mkojo. Kichocho cha mkojo, kilichoenea katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, huweza kuacha makovu katika mirija ya mkojo. Mkojo ukarudi nyuma na kulibana figo. Mtoto anayekojoa damu leo, asipopewa prazikwanteli, huenda akalipa deni hilo akiwa mtu mzima. Kwa wanaume wazee, tezi dume iliyokua huleta madhara yale yale.

(g) Kula protini kwa kadiri. Mwenye afya hana haja ya kujinyima maharage, samaki wala maziwa. Lakini ambaye mafigo yake yamekwisha kudhoofika asile nyama kupita kiasi, na asibadili chakula pasipo ushauri, kwa maana mzee hudhurika pia kwa kukosa lishe.

Na maji je? Wengi huamini kwamba kunywa maji mengi sana husafisha mafigo. Maji ya kutosha ni ya lazima, hasa kwa mkulima na mchukuzi anayetoka jasho, na hupunguza hatari ya mawe katika mafigo. Lakini jaribio lililofanyika Canada, na kutolewa mwaka 2018, liliwagawa wagonjwa 631 wenye ugonjwa sugu wa mafigo katika makundi mawili, moja likahimizwa kunywa maji zaidi. Baada ya mwaka mmoja haikuonekana tofauti ya maana. Basi anywe mtu kwa kiu yake na kwa joto la siku. Mzee akumbushwe kunywa, kwa kuwa kiu yake imepungua. Na mwenye ugonjwa wa moyo au aliyeambiwa apunguze maji afuate shauri la daktari wake.

Hitimisho

Utafiti uliofanyika Kilimanjaro na kutolewa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa mafigo kwa asilimia 7 ya watu wazima waliopimwa: asilimia 15.2 mjini, na asilimia 2 vijijini. Wachache tu kati yao, kama mmoja katika kumi, walijua kwamba wana ugonjwa huo. Takwimu hizi zatuambia mambo mawili. Kwanza, umri peke yake hauwezi kuwa ndio sababu, maana miaka huhesabiwa sawasawa mjini na kijijini. Pili, wengi wanaoweza kusaidiwa hawajui kwamba wanahitaji msaada.

Mtu hawezi kuuzuia uzee. Lakini anaweza kupima shinikizo lake, kupunguza chumvi na kuuliza kabla ya kumeza kidonge. Mwanafunzi atakayemaliza kusoma makala haya anaweza kuanza jioni hii kwa swali moja kwa babu au bibi yake: "Shikamoo. Je, mara ya mwisho ulipimwa lini?"

Maswali

1. Mwanamke wa miaka 70 ana uzito wa kilo 54 na kreatinini ya miligramu 1.2. Tumia kanuni ya Cockcroft na Gault kukadiria uwezo wa mafigo yake.

2. Chora grafu ya watu wawili wenye uchujaji wa 120 wakiwa na miaka 30. Mmoja hupoteza 0.75 kila mwaka, mwingine 2. Je, kila mmoja atakuwa na kiasi gani akiwa na miaka 80?

3. Eleza tofauti iliyopo kati ya utafiti wa mwaka 1950 na ule wa Baltimore. Kwa nini wa pili una uzito zaidi?

4. Katika jaribio la kopo, ni kitu gani kinachowakilisha nefroni, na ni kipi kinachowakilisha shinikizo? Taja jambo moja ambalo kopo haliwezi kulionyesha.

5. Jirani yako mwenye miaka 72, anayetumia dawa za shinikizo, ameharisha siku mbili na anaumwa goti. Anataka kununua diklofenaki. Utamweleza nini, na kwa sababu gani za kisayansi?